Saa ya Highbury: Siku Niliyotembelea Viwanja Viwili vya Arsenal

Mjomba wangu alikuwa na saa mbili ukutani. Ya kwanza ilifuata majira ya Tanga. Ya pili aliirudisha nyuma kufuata majira ya London, na chini yake akabandika kipande cha boksi kilichoandikwa neno moja kwa wino mwekundu: HIGHBURY, jina la uwanja wa Arsenal, klabu ya mpira ya London. Mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba, Waingereza wanapobadilisha saa zao, alipanda juu ya benchi akausogeza mshale kwa mkono wake. Kuna miezi tunapishana nao saa mbili, kuna miezi tunapishana saa tatu, na mwenye kibanda umiza, kibanda cha kuonyeshea mechi kama alichokuwa nacho yeye, asipolijua hilo, wateja watamjia mechi iko kipindi cha pili.

Kibanda chenyewe kilikuwa Ngamiani. Mabati juu, mabati pembeni, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiharibu picha, benchi nane za mbao, na televisheni moja ya inchi 21 juu ya kabati lenye kufuli. Kiingilio kilikuwa shilingi 200. Mimi sikulipa, kwa kuwa mama alinituma pale kila Jumamosi na sinia la kashata na karanga, nikae mlangoni niuze. Niliuza, lakini macho yalikuwa ndani. Kanu, Lauren na Kolo Touré, wachezaji wa Arsenal, niliwafahamu kupitia upenyo wa bati uliokuwa usawa wa jicho langu nikiwa nimekaa juu ya ndoo.

Kule kukiwa baridi, mechi ya saa tisa alasiri ya London kwetu huwa ya saa kumi na mbili jioni, hivyo adhana ya magharibi ilitukuta karibu na mapumziko. Mjomba alizima sauti. Wanaoswali walitoka, waliobaki walikaa kimya wakitazama picha isiyo na sauti, na jambo la kwanza walilokuwa wakiuliza wakirudi lilikuwa ni ngapi ngapi. Kipindi kile mara nyingi jibu lilikuwa zuri. Msimu wa 2003/04 Arsenal walicheza mechi 38 za ligi bila kupoteza hata moja, wakashinda 26 na kutoka sare 12. Mjomba aliandika kila matokeo kwa chaki kwenye ubao wa nje, na ubao ulipojaa hakufuta. Alinunua wa pili.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 7 Mei 2006, mechi ya mwisho Highbury, dhidi ya Wigan Athletic. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Watu walijaa mpaka wengine wakasimama nje wakisikiliza tu. Pires wa Arsenal alifunga la kwanza, Wigan wakarudisha, wakaongeza la pili, kibanda kikawa kama msibani. Halafu Henry akafunga matatu peke yake, la mwisho kwa mkwaju wa penalti, akapiga magoti akabusu nyasi. Ikaisha 4-2. Kamera ikapita juu ya majukwaa ikaionyesha ile saa kubwa nyeupe iliyokuwa juu ya jukwaa la kusini, na Mjomba akageuka kuitazama yake ukutani. Akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa: "Siku mmoja wenu akifika kule, akaniangalizie ile saa wameipeleka wapi."

Nilifika baada ya miaka kumi na saba.

Dada yangu anaishi Luton na mumewe na watoto. Mwaka 2023 alijifungua, nami nikapata viza ya kumtembelea kwa wiki nne. Naandika jinsi nilivyozipanga ziara hizi mbili kwa sababu nimeulizwa sana na wenzangu wanaotamani kwenda, na kwa sababu nusura nikosee mambo mawili.

La kwanza ni tarehe. Nilikuwa nimejipangia Jumatano ya tarehe 29 Novemba, siku ambayo shemeji angekuwa nyumbani kubaki na watoto. Dada akaniuliza kama nimetazama ratiba. Sikuwa nimeitazama. Jumatano ile Arsenal walikuwa nyumbani dhidi ya Lens ya Ufaransa kwenye Ligi ya Mabingwa, na siku ya mechi ziara za ndani ya uwanja hazifanyiki kama siku nyingine. Tiketi ya mechi yenyewe ilinishinda. Kwanza huuziwa wanachama waliolipia uanachama wao, na hata ningelipia uanachama siku ile, mechi kama ile ilikuwa imeshajaa. Basi nikanunua tiketi ya ziara ya Alhamisi, saa tano asubuhi, kwa njia ya mtandao. Tiketi hiyo ilikuwa na makumbusho ndani yake. Yeyote anayekwenda namshauri afungue ratiba ya mechi kwanza, kabla hata ya kuangalia nauli ya treni. Mechi ya Lens tukaitazama sebuleni kwa dada, mtoto mchanga amelala kifuani kwangu, na mabao matano yakaingia kabla ya mapumziko. Likaja la sita. Nilishindwa kupiga kelele nisije nikamwamsha mtoto, nikawa nampigapiga dada begani tu.

Asubuhi ya Alhamisi baridi ilikuwa karibu na nyuzi sifuri. Nilivaa soksi mbili na koti la shemeji. Kutoka Luton nilipanda treni mpaka St Pancras, nikashuka chini ya ardhi kuchukua njia ya Piccadilly, nikahesabu vituo: Caledonian Road, Holloway Road, cha tatu Arsenal. Humo hakuna haja ya kununua tiketi ya karatasi. Unagusisha kadi ya benki kwenye kifaa unapoingia na unapotoka, basi.

Kituo cha Arsenal ni sehemu ya ziara, hata kama hakuna anayekuuzia tiketi yake. Zamani kiliitwa Gillespie Road. Herbert Chapman, kocha aliyekuja mwaka 1925 na kuifanya timu hiyo kuwa kubwa, aliwabana wenye reli mpaka mwaka 1932 wakakubali kubadilisha jina. Katika treni zote za chini ya ardhi za London hicho ndicho kituo pekee kilichopewa jina la klabu ya mpira. Lakini ukishuka tazama ukuta: vigae vya zamani bado vimeandikwa GILLESPIE ROAD kwa herufi kubwa. Kutoka pale unapanda ujia mrefu, mwembamba, unaoinuka polepole, umegawanywa na uzio ili siku ya mechi wanaoingia wasigongane na wanaotoka. Siku ile nilikuwa karibu peke yangu, na kishindo cha viatu vyangu kilinitangulia mbele.

Ukitoka nje huoni uwanja. Jambo hili lilinishangaza, kwa maana nilitegemea kitu kikubwa kinachoonekana toka mbali. Unakuta nyumba za kawaida za matofali zilizobanana, mapipa ya taka mlangoni, paka dirishani. Highbury ilijengwa ndani ya mtaa wa watu. Arsenal walianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, kusini ya mto Thames, ndiyo maana ya ule mzinga kwenye nembo na ya sisi kuwaita Washika Bunduki. Walihamia Highbury mwaka 1913, kwenye viwanja vya mchezo vya chuo cha dini. Mtaa ulikuwepo tayari, wao wakajibanza katikati yake. Nilikwenda mpaka kona ya barabara ya Avenell, nikageuka, na ukuta ukanijia.

Ni jukwaa la mashariki, la mwaka 1936. Ukuta mrefu wa rangi ya maziwa, madirisha yenye fremu zilizonyooka, na juu kabisa maandishi mekundu: ARSENAL STADIUM. Mbele ya ukuta yamepita magari, mtu anatembeza mbwa, na mlango mkubwa umefungwa. Ukuta huo uko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na sheria, kwa hiyo klabu ilipohama haikuruhusiwa kuubomoa. Jukwaa la magharibi, la mwaka 1932, nalo sura yake ilibakizwa. Majukwaa ya magolini, la kaskazini na lile la saa, yalibomolewa. Palepale pakajengwa nyumba za ghorofa, na ndani ya yale majukwaa mawili yaliyobaki nako pakakatwa vyumba vya kuishi. Kwa jumla ni nyumba zaidi ya 600. Na uwanja wenyewe, zile nyasi alizozibusu Henry, umekuwa bustani ya wakazi.

Hapa ndipo penye jambo la kuzingatia. Highbury si mahali pa watalii, ni nyumbani kwa watu. Hakuna dirisha la tiketi wala mwongozaji. Barabarani unaweza kusimama utakavyo na kupiga picha ya ukuta, lakini geti la bustani ni la wenyeji. Nilisimama kwenye geti kama dakika kumi, pua imekufa ganzi, nikichungulia kati ya nondo. Mama mmoja akatokea na kigari cha mtoto. Akaniuliza kama kuna mtu ninamtafuta. Nikamwambia kweli: nimetoka Tanzania, mjomba wangu alikuwa akionyesha mechi za hapa, nimekuja kumtazamia. Alinyamaza kidogo, halafu akanifungulia. Akaniomba nisipige picha madirisha ya watu. Nikaahidi, na sikupiga.

Bustani ile ni mstatili, na mstatili ule nilikuwa naujua. Pembeni kuna njia za kutembea, vichaka vilivyokatwa vizuri, mabenchi, na majani makavu yaliyolowa yamejazana kwenye kingo. Kulia na kushoto yamesimama yale majukwaa mawili, ila palipokuwa na viti sasa ni vioo na roshani. Kwenye roshani moja ya upande wa mashariki palikuwa na baiskeli ya mtoto, nyekundu, imefungwa kwa mnyororo. Nilisimama takriban katikati. Kiwanja cha Highbury kilikuwa kidogo, mita 100 kwa 67, na pale katikati nikaelewa kwa nini kwenye televisheni watu walionekana kama wamewakalia wachezaji mabegani. Walikuwa karibu hivyo kweli. Mwaka 1935, enzi za kusimama, waliwahi kuingia watu 73,295 siku ya mechi na Sunderland. Baada ya majukwaa yote kuwekwa viti miaka ya 1990, hawakuzidi sana 38,000. Ndiyo maana walilazimika kuhama: wanaotaka kuingia walikuwa wengi, na hakukuwa na pa kuongeza hata tofali moja. Huku ukuta unaolindwa, huku nyumba za majirani.

Yule mama hakuwa mshabiki wa mpira. Aliniambia walinunua pale kwa sababu ya ukaribu wa treni. Alimtoa mwanawe kwenye kigari, akamsimamisha kwenye nyasi, na yule mtoto akaanza kukimbia akielekea upande lilikokuwa goli. "Huyu amejifunzia kutembea hapa," akasema.

Nimelifikiria sana neno lile. Nilikuja nikiwa na huzuni nimeiandaa toka nyumbani, kwamba nitakwenda kuona kaburi. Sikuliona. Nyasi zile bado zinakanyagwa. Kama ningechagua, nisingechagua maduka, wala maegesho ya magari, wala magugu. Ningechagua hivyohivyo, mtoto anakimbia.

Nilimshukuru, nikamwacha. Kabla ya kuondoka mtaa ule nilirudi kwenye mlango wa barabara ya Avenell nikaweka uso kwenye kioo. Ndani ndimo palipoitwa kumbi za marumaru, ambamo wachezaji wapya walipitishwa siku ya kwanza. Niliona mwanga wa njano na sakafu inayong'aa. Nikatosheka na hivyo.

Kutoka pale mpaka uwanja mpya ni kutembea tu, dakika kumi kwa mwendo wa mtu anayeangalia huku na huku. Unarudi barabara ya Gillespie Road, unaingia ya Drayton Park, na hapo ndipo unapovuka daraja juu ya reli. Daraja limepewa jina la Ken Friar, na sanamu yake iko hapohapo, sanamu ya mtoto na mpira. Friar alikuwa mtoto wa mtaa ule, akicheza mpira barabarani nje ya Highbury. Siku moja mpira ukaingia chini ya gari la kocha, George Allison. Kocha alipomkuta akiutoa, akampa kazi ya kutumwatumwa siku za mechi. Alitumikia klabu hiyo zaidi ya miaka 70, mpaka akawa mkurugenzi. Nilikaa na sanamu ile kuliko sanamu zote za wachezaji. Mtoto anayeingia kwenye mpira kwa kupitia mlangoni namwelewa.

Uwanja wa Emirates ulifunguliwa Julai 2006, miezi miwili tu baada ya ile mechi ya Wigan. Palikuwa eneo la viwanda na kituo cha kukusanyia taka cha halmashauri, kipande cha ardhi cha pembetatu kilichobanwa kati ya njia mbili za reli. Walitumia pauni milioni 390 hivi. Unaingia watu 60,704. Ukiuona toka darajani, ni bakuli kubwa la vioo na zege lenye mdomo wa mawimbi, na barabara pana kuuzunguka. Ukifika pale hukosi kuuona, tofauti na ule wa kwanza.

Ziara yenyewe unajiongoza. Unapewa kifaa cha kusikiliza na spika za masikioni, unabonyeza namba kila unapofika. Nilikwenda taratibu, na hakuna aliyenihimiza. Unapita kwenye viti vya wakurugenzi, ambavyo ni laini kuliko kiti chochote nilichowahi kukalia kutazama mpira. Chini kuna chumba cha kubadilishia nguo cha wenyeji, kilichojengwa kama kiatu cha farasi, ili kila mchezaji amwone mwenzake. Jezi zimetundikwa kila moja mahali pake. Kisha njia ya wachezaji kuingilia uwanjani, na mwisho wa njia, mwanga.

Usiku uliotangulia walikuwa wamecheza. Sasa uwanja mzima ulikuwa mtupu na kimya, na mafundi walikuwa wamesukuma juu ya nyasi mitambo mirefu ya taa, safu kwa safu, rangi ya machungwa, ili kuzipa nyasi mwanga ambao jua la Novemba haliwezi kuutoa. Joto lake nililihisi usoni nikiwa nimesimama kando ya mstari. Kukanyaga nyasi hairuhusiwi, na kamba imewekwa. Nikakaa kwenye viti vya benchi la ufundi, nikatazama juu. Kwenye mabango ya pembeni jina la Rwanda, jirani zetu waliokuwa wadhamini wa klabu, lililokuwa pia kwenye mkono wa jezi tangu mwaka 2018. Na kwenye jukwaa la kusini, juu kabisa, saa. Nyeupe, ya duara, yenye mishale myeusi.

Moyo ulinienda mbio. Nikapiga picha tatu, nikamtumia Mjomba palepale, na chini nikaandika: "Shikamoo Mjomba. Saa yako hii hapa."

Wakati nasubiri jibu nikaendelea kukaa, nikiwaza miaka ambayo uwanja huu ulitugharimu sisi wa kibandani. Kuujenga kulihitaji mkopo mkubwa, na kulipa mkopo kulifanya wachezaji wauzwe. Henry aliondoka mwaka 2007, Fàbregas 2011, Van Persie 2012. Kombe la FA la Mei 2005 lilifuatwa na ukame mpaka Mei 2014, walipoifunga Hull 3-2. Miaka tisa! Katika miaka ile wateja wa Mjomba walihamia timu nyingine mmoja mmoja, wakaanza kumwambia abandike saa ya Manchester. Yeye aliliacha lile boksi la HIGHBURY vilevile, hata baada ya Highbury yenyewe kuvunjwa, hata baada ya wateja kuanza kutazama mechi kwenye baa zenye skrini kubwa na baadaye kwenye simu. Kibanda alikifunga mwaka 2016. Mabati akayauza. Saa zote mbili akazipeleka sebuleni.

Jibu likaingia, kwa sauti. "Marahaba mwanangu. Siyo hiyo."

Nikamsikiliza tena, nikidhani sikusikia vizuri. Aliendelea: "Hiyo kubwa mno, na hiyo ni mpya. Ile nilikuwa naiona kila wiki, naijua. Hebu uliza."

Nikaenda kumwuliza mfanyakazi mmoja, mzee mwenye koti lenye nembo, aliyesimama kwenye ngazi. Akatabasamu. Akasema mjomba wangu ana macho. Ile ya ndani ni nakala iliyofungwa msimu wa 2010/11, mashabiki walipolalamika kwamba uwanja mpya hauna kitu cha nyumbani. Ya asili ilihamishwa kutoka Highbury, lakini iliwekwa nje, kwenye ukuta wa kusini, upande wa daraja la pili. Wengi wanaotoka kwa mlango wa dukani hawaioni. Hilo ndilo kosa la pili ambalo nusura nilifanye. Ningeondoka na picha ya saa isiyokuwa yenyewe, na ningeishi nikiamini nimetimiza nilichotumwa.

Makumbusho niliyapitia haraka kuliko yalivyostahili. Ni jengo la pembeni, na mwenye muda akae humo saa nzima. Nje nilipita sanamu za watu niliowafahamu toka juu ya ndoo: Henry amepiga magoti kama alivyopiga baada ya kuwafunga Tottenham mwaka 2002, Bergkamp yuko hewani na mpira mguuni, Tony Adams amefungua mikono. Wenger, kocha wa enzi zile, ambaye sanamu yake iliwekwa Julai 2023, ameinua kombe juu ya kichwa. Chapman amesimama amefumbata mikono nyuma, anautazama uwanja ambao hakuwahi kuufikiria, maana alifariki Januari 1934. Saa ile ilikuwa wazo lake. Inasimuliwa kwamba mwanzoni ilihesabu dakika 45 za kila kipindi, wakubwa wa soka wakakataa, ikabidi igeuzwe kuwa saa ya kawaida. Ilianza upande wa kaskazini mwaka 1930, na ilipohamishiwa kusini mwaka 1935, jukwaa likachukua jina lake.

Nilizunguka ukuta mpaka kusini. Upepo ulikuwa mkali zaidi upande ule, na reli iko chini, treni zinapita. Niliinua macho. Ilikuwa pale, ndogo kuliko nilivyotarajia, peke yake ukutani, hakuna aliyekuwa akiitazama. Mwanamke mmoja alipita chini yake akila mkate, hakuinua kichwa.

Nikampigia Mjomba kwa video. Pale ilikuwa karibu saa saba mchana, Tanga karibu saa kumi. Alipokea akiwa kwenye kiti chake cha kamba, kanzu nyeupe, miwani imeshuka puani. Sikusema neno. Niligeuza simu nikaielekeza juu.

"Ndiyo hiyo," akasema.

Akaniomba nisogee karibu zaidi, nikasogea mpaka ukutani. Akaniomba nishike simu isitikisike. Vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi, nikaishika kwa mikono miwili na kuegemeza viwiko kifuani. Akatazama muda mrefu. Kisha nikaona picha ya upande wake inayumba, akaiweka simu mezani, nikabaki naona dari na feni. Nikasikia kiti kinavutwa, na sauti ya shangazi kutoka jikoni ikimwuliza anapanda wapi na magoti yale.

"Nakuja," akamjibu. Halafu akanipazia sauti mimi: "Mwanangu, huko mshale mrefu uko wapi sasa hivi?"

"Dakika tatu kabla ya saa saba, Mjomba."

"Yangu inasema saba kamili. Ngoja."

Nikasikia kioo kinafunguliwa.